Mnara Uliojua Kila Kitu Ila Maji

Siku ya kuzindua mnara mpya wa kuongozea ndege, mhandisi mkuu alitutangazia kuwa ni jengo la kijani, stahimilivu, rafiki wa mazingira. Mazingira yenyewe hayakuulizwa kama yanautaka urafiki huo.

Paneli za jua ziko juu ya paa. Betri zake na jenereta vilizikwa chini ya ardhi, maana ghorofa ya chini ni ukumbi wa wageni, na wageni hawapendi kelele. Mimi, fundi jenereta, darasa la saba, nilinyoosha mkono kikaoni.

"Mkuu, miaka kumi na tisa iliyopita maji yalifika hapa." Nikajigusa kifuani.

"Fundi, hizo hadithi. Sisi tuna takwimu."

"Za miaka mingapi?"

"Kumi."

Wakacheka. Nikacheka nao, asiyecheka na wakubwa huandikiwa barua.

Siku moja mvua ikaja saa tisa alasiri, bila kusoma takwimu. Umeme ukakatika, betri zikaoga, jenereta ikanywa maji ikanyamaza. Kule juu mpwa wangu wa kike, mwongoza ndege, akabaki na redio mfu, na hewani ndege moja ya abiria arobaini yenye mafuta ya nusu saa.

Akanipigia simu. "Mjomba, nimekwama!"

"Shuka. Njoo mnara wa zamani."

"Si umefungwa, unasubiri kubomolewa?"

"Ufunguo ninao. Shuka, mama!"

Humo mlikuwa na redio kuukuu niliyokuwa nikiilisha kwa betri ya gari, kosa nililoonywa kwa maandishi mara mbili. Akashuka ngazi zote, akavuka maji ya magotini, viatu mkononi. Njia ya kurukia ndege ilikuwa kavu. Ilijengwa mwinukoni na wazee wasio na takwimu.

Akaita kwa redio. Akaita tena.

"Nyie mlikuwa wapi?" rubani akafoka.

"Tulikuwa tunastahimili," akajibu, kisha akamshusha taratibu mpaka magurudumu yakagusa lami.

Mhandisi mkuu akaingia, suruali kaikunja. "Hongereni! Mmeona mfumo wetu ulivyo imara?"

"Upi, bosi? Huu wa mjomba?"

"Kesho urudi kituoni kwako."

"Kituo changu hiki hapa." Mpwa wangu akavuta kiti, akakaa. "Wabomoaji wakija, waanze na mimi."