Jina Katika Pasipoti ya Baba

Sihaba hakujua kulala kwenye ukimya. Chumba chao pale Kangle, mtaa wa washonaji jijini Guangzhou, kilikuwa juu ya karakana ya kushona suruali, na tangu aletwe kutoka hospitali vyerehani vya chini vilikuwa vikivuma toka asubuhi, sakafu ikitetemeka kidogo kama tumbo la paka anayekoroma. Juu ya mtetemo huo ndipo alipolala, akanyonya, akaota jino la kwanza. Basi ulipokaribia Mwaka Mpya wa Wachina, mafundi wakabeba mabegi yao kwenda vijijini kwao, umeme wa karakana ukazimwa, na mtoto akaanza kulia.

“Mwanamke mzima huyu,” alisema Yasir, baba yake, akimzungusha chumbani. “Hata usingizi anautaka kwa masharti. Bibi, nyamaza. Bibi, unataka nini?”

Alimwita Bibi kwa sababu jina lenyewe hakuweza kulitamka ovyo. Lilikuwa jina la mama yake mzazi aliyekuwa Tanga, na mtu hamkaripii mama yake kwa jina, hata akiwa na umri wa miezi saba na amekutapikia shati.

Yasir alinunua jinzi Shisanhang, soko la jumla, na kuzisafirisha Dar es Salaam. Alikuwa na ulimi wa moto na shingo isiyopinda. Mwenye duka akimtajia bei ya dharau, hakungoja kupunguziwa. Alitoka, na kesho yake alipita mbele ya duka lile lile huku amebeba mzigo wa jirani. Siku alipompeleka mwanawe ubalozi wa Tanzania Beijing akaandikwa katika pasipoti yake, alirudi akiifungua ukurasa ule kwa kila aliyekutana naye. Jina la mtoto lilikuwa chini ya picha ya baba. Wengine walionyesha dhahabu. Yeye alionyesha wino.

Mtoto aliandikwa kwake, si kwa mama, kwa sababu safari ilikuwa imeshapangwa. Mkewe, Hasna, alikuwa na kadi ya ukaazi wa Marekani. Aliipata kwa ile bahati nasibu ya viza kabla hajaolewa, akaenda Houston, akapata kazi ya kuhudumia wazee. Alirudi Tanga likizo wakaoana, kisha akaenda zake kazini na mimba bila kujua. Tumbo lilipoanza kuonekana akaja Guangzhou kumtembelea mumewe kwa majuma machache tu. Daktari wa hapa akamkataza kupanda ndege: kondo la nyuma lilikuwa limekaa vibaya. Majuma yakawa miezi, mtoto akazaliwa hapa, na sasa mwaka ulikuwa karibu kutimia tangu aondoke Houston. Mwenye kadi akikaa nje zaidi ya mwaka, kadi inaweza kumfia mkononi.

Kwa hiyo Hasna angeondoka peke yake, aingie Marekani, aiamshe kadi, kisha arudi kumchukua mtoto. Wakati huo Yasir angempeleka Sihaba mdogo Tanga akaonwe na somo wake, yaani huyo bibi aliyempa jina.

Hakuna aliyeona kasoro katika mpango huo, maana ndivyo walivyoishi wote. Viza ya China ikikaribia kwisha, mfanyabiashara alipanda treni hadi Hong Kong, akapata viza nyingine, akarudi. Waliita kwenda kugonga, yaani kugongewa muhuri. Mtoto aliachwa kwa jirani, mama akagonga, jioni ya pili akamnyonyesha. Kimani, Mkenya aliyeuza tiketi na kufunga mizigo, ndiye aliyemkatia Hasna tiketi ya mtu mmoja.

“Wacha wasiwasi, mama,” alimwambia. “Ni kama kazi yetu hii. Mwenye mali anatangulia, mzigo unafuata. Umewahi kuona mtu amekaa ndani ya kontena?”

“Mwanangu si suruali, Kimani.”

“Sijasema suruali. Suruali hazilii hivyo!”

Walicheka. Lakini neno lile la mzigo lilimkaa Hasna rohoni, na asubuhi moja, mtoto akiwa mgongoni, alikwenda Shamian kwenye ubalozi mdogo wa Marekani kuuliza swali moja tu: akirudi kumchukua, mtoto atahitaji karatasi gani?

Alirejea Kangle. Alimlaza mtoto, akaketi kitandani, hata viatu hakuvua.

“Yasir, nikienda peke yangu nimeharibu.”

“Umeharibu nini?”

“Njia ya mtoto. Mtoto aliyezaliwa mama yake akiwa safarini anaingia bila viza, kwa kadi ya mama na cheti chake cha kuzaliwa. Lakini awe hajatimiza miaka miwili, na aingie nami nikirudi mara ya kwanza. Ya kwanza, Yasir. Nikiingia bila yeye, nikamfuata baadaye, hiyo ni ya pili. Njia imefungwa. Nitaanza kumwombea viza kama mtu baki, aingie foleni.”

“Foleni ya siku ngapi?”

“Ya miaka.”

Yasir alisimama. “Nani kakwambia? Yule wa mlangoni? Hawa watu wakitaka kukufukuza wanakutungia sheria papo hapo!”

“Twende kesho ukaulize wewe.”

“Nitakwenda. Na nitauliza kwa sauti.”

Alikwenda, akauliza kwa sauti. Nyuma ya kioo alikuwapo ofisa kijana mwenye miwani, ambaye hakupandisha sauti yake. Alirudia yale yale, neno kwa neno, akaandika kifungu cha sheria kwenye kipande cha karatasi na kukipitisha chini ya kioo. Yasir hakukiangalia.

“Na mimi baba yake?”

“Una kadi?”

“Sina.”

“Basi mkeo atakuombea kama mume. Hiyo ndiyo foleni yenyewe ya miaka.”

“Kwa hiyo mtoto anaingia kwa sababu ya mama yake, na mimi nabaki nje nikihesabu mvua.”

“Kwa sasa, ndiyo, bwana,” alisema yule kijana, na alisema kwa upole, jambo lililomuudhi Yasir kuliko angefokewa.

Njiani, chini ya ile mikuyu mizee ya Shamian, alilipuka.

“Haendi! Mama yangu anamngoja. Ameshamwambia mtaa mzima. Mimi nimtoe mtoto, kisha nisimame mlangoni kwa watu nikiomba kumwona? Mimi nani, mpagazi? Nimembeba tu mpaka ndegeni?”

“Nani kakuita mpagazi?”

“Na wewe kaa. Kadi ikifa na ife.”

Hasna alisimama. Hakupaza sauti. “Baba Sihaba, kadi ikifa mimi sitakulaumu. Nitakaa hapa, nitauza jinzi na wewe. Lakini siku mtoto huyu atakapokuwa mkubwa na kuniuliza kwa nini mlango ulikuwa wazi na hatukuupita, nitamwambia akuulize wewe. Uwe na jibu.”

Wakapanda basi kurudi Kangle.

Alasiri ile Hasna alikwenda sokoni, akamwachia Yasir mtoto. Vichochoro vyote vilikuwa vimefungwa, karatasi nyekundu zikipepea milangoni. Sihaba alilia. Yasir alimpa uji, akaukataa. Alimpa funguo, akazitupa. Alimwinua dirishani aone fataki za watoto wa jirani, akaogopa akazidi. Mwishowe, kwa kuishiwa, alimlaza kifuani, akaanza kunguruma kooni kama cherehani: mshono mrefu, kisha kituo, kisha mshono mrefu. Kilio kikapungua. Akaendelea. Na kwa kuwa kunguruma peke yake kulimchosha, akatia maneno juu ya mtetemo:

*Cherehani inavuma,*
*lala mwana kwa salama,*
*baba yako yuko nyuma,*
*njia yako yanyooka.*

Mtoto alilala. Kila Yasir alipojaribu kunyamaza, kope zile ndogo zilitikisika, naye akaanza tena. Alitembea hivyo kutoka ukutani hadi dirishani mpaka koo likamkauka, na katika kwenda na kurudi akajikuta anafanya hesabu asiyoitaka. Hasna angesubiri mume, mama angesubiri Tanga, naye mwenyewe angesubiri foleni. Wote watatu walikuwa watu wazima. Walijua kusubiri. Huyu aliyekuwa kifuani hakujua hata kusubiri uji upoe.

Hasna alipofungua mlango akiwa na mfuko wa mboga, alimkuta mumewe ananguruma.

“Pasipoti yako iko wapi?” aliuliza Yasir bila kusimama.

“Ya nini?”

“Nakwenda Beijing. Mtoto yumo kwangu. Hawezi kusafiri na wewe akiwa ameandikwa kwangu.” Akavuta pumzi, mtoto akajinyoosha, akarudia kunguruma haraka. “Mshike. Hapana, usinyamaze. Nguruma.”

“Mimi sijui.”

“Jifunze. Huko uendako nani atakungurumia?”

Hasna alimchukua mtoto, akajaribu. Alikuwa mbovu kabisa. Walicheka kwa mara ya kwanza tangu Shamian, kisha Hasna akaacha kucheka, akaficha uso kwenye bega la mumewe, mtoto katikati yao.

Sikukuu ilipokwisha, kabla ya kwenda stesheni, Yasir alipita dukani kwa Kimani kumpigia simu mama yake. Bi Sihaba alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida yake.

“Kwa hiyo haji.”

“Haji sasa, mama.”

“Na mimi nimeshapaka nyumba chokaa. Nimeshanunua mbuzi.”

“Nisamehe, mama.”

“Mbuzi hana kosa, nitamla. Wewe je? Unabaki na nani huko?”

“Na kazi, mama.”

“Haya,” alisema Bi Sihaba. “Mpeleke somo wangu. Lakini niletewe picha, si ya usoni tu. Niione na miguu. Wa kwetu wote tunajulikana kwa miguu.”

Kimani, aliyesikia yote, alijikuna kichwa. “Ndugu yangu, mimi ndiye niliwapotosha. Tiketi ya kumpakata mtoto naiongeza mimi.”

“Utaiongeza nami nitailipa. Usinitie deni la huruma.”

“Eh, haya, haya! Mkali kama pilipili, huyu.”

Treni ya kwenda kaskazini ilijaa watu waliokuwa wakirudi kutoka sikukuu. Yasir hakupata kiti. Alisimama, akachuchumaa, akalala ameegemea gunia la karanga la mzee mmoja aliyemkaribisha kwa ishara. Ubalozini, ofisa aliyeitwa Bartholomeo alizifungua pasipoti zote mbili, akashangaa.

“Si mwaka jana tu nilikuandikia huyu? Ulinionyesha mpaka jino la mwisho kwa furaha. Mmeachana?”

“Hatujaachana. Ana safari na mama yake.”

“Nimfute kwako?”

“Mfute.”

Bartholomeo alichukua rula. Alipiga mstari mmoja juu ya jina, taratibu, akatia muhuri kando, kisha akaliandika upya katika pasipoti ya Hasna. Yasir aliomba zote mbili ziachwe wazi juu ya meza mpaka wino ukauke.

Mafundi walikuwa wamesharudi Kangle siku Hasna alipoondoka. Walikwenda kwa treni hadi Hong Kong, maana ndege ilikuwa ya huko. Uwanjani Yasir alimfunga mtoto mgongoni kwa mama yake, akakaza kanga mara mbili, akailegeza, akaikaza tena.

“Inatosha,” alisema Hasna. “Hatapumua.”

“Wakikuuliza?”

“Nitasema ndiyo mara ya kwanza.”

“Sema usitetemeke.”

“Wewe ndiye unayetetemeka.”

Mtoto alimtazama baba yake kwa juu ya bega la mama, kwa makini, kama mtu anayekagua mshono. Kisha wakapita kwenye milango ya kioo, naye akaendelea kuangalia nyuma mpaka umati ukamfunika.

Siku mbili baadaye simu ililia karakanani, kwa mwanamke mwenye karakana, ambaye wote walimwita laoban, yaani bosi. Ilikuwa saa sita mchana. Mafundi walikuwa wamelala juu ya marobota ya vitambaa kama kawaida yao baada ya chakula. Laoban alimpigia Yasir kelele kutoka chini, naye Yasir akateremka ngazi akikosa vidato.

“Tumeingia!” Sauti ya Hasna ilikuwa mbali, yenye mwangwi. “Yasir, tumeingia! Aliangalia cheti, akaangalia kadi, akaniuliza kama nimewahi kurudi tangu nijifungue. Nikasema bado. Akagonga. Amemgongea na yeye, muhuri wake peke yake!”

Yasir aliegemea ukuta. “Alhamdulillahi. Yuko wapi?”

Hakuhitaji kujibiwa. Nyuma ya sauti ya mama, kilio kilikuwa kinapanda.

“Huku ni usiku na nyumba ni kimya mno,” alisema Hasna. “Tangu tufike halali. Nimenguruma mpaka nimepoteza sauti. Ananiangalia kama mwendawazimu.”

Yasir alimgeukia laoban. Kichina chake kilikuwa cha bei na cha kukataa tu. Hakikuwa na neno la jambo hili. Alionyesha simu, akaweka viganja viwili shavuni kama mtoto aliyelala, akatikisa kichwa, akaonyesha vyerehani vilivyozimwa.

Yule mama alimtazama. Akatazama mafundi wake waliolala. Kisha akaketi kwenye cherehani iliyo karibu na simu, akaokota kipande cha jinzi kilichotupwa, akawasha, akakanyaga. Mshono mrefu, kituo, mshono mrefu. Fundi mmoja alifungua jicho, akaguna, akalala tena.

Yasir alipiga magoti, akanyoosha waya mpaka mwisho wake, akashikilia mkono wa simu karibu na sindano.