Namba Kwenye Kioo

Nasema mapema ili nisionekane najisifu bure: Corvette yangu ya mwaka 1967 ni gari zuri kuliko yote hapa St. Louis, na anayebisha hajalisikia likiwashwa. Likiwashwa, vikombe vya jirani vinacheza kabatini. Kazi yangu kiwandani ilikuwa kufunga milango kwenye magari kama hili, miaka kumi na mitatu, mpaka kiwanda kikahama. Hili langu nililinunua likiwa mzoga, nikalifufua, na kwa miaka ishirini madigadi yake ya kushoto ilibeba herufi za dhahabu: INJINI IMEUNDWA NA FERRELL GAINES.

Katika klabu yetu ya magari ya mbio, jina linaloandikwa pale ni la aliyeunda injini, si la mwenye gari. Na mwandishi wa herufi hizo ni mmoja tu, Clyde Hoelscher. Tulikuwa naye kiwandani, yeye upande wa rangi. Mkono wake haujaanza kutetemeka hadi leo, na mdomo wake nao haujachoka.

Majira ya baridi injini yangu ilipasuka. Binti yangu Nadine, ambaye kazi yake ni kutengeneza injini za meli za mizigo pale mtoni, akaniambia, "Baba, kaa kitini. Hii naunda mimi."

Akaleta injini ya silinda nane, lita saba na nusu, iliyotoka kwenye pikapu iliyokufa. Miezi mitano gereji ilinuka oili na kahawa. Alichonga vichwa vya silinda kwa mkono wake, akachagua kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, akaitupa kabureta yangu huku nikimtazama. Mimi nilishika taa. Naapa, hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya.

Mwezi Mei nikamwomba Clyde abadilishe jina.

"Siandiki uongo mimi," akasema mbele ya klabu nzima. "Yule msichana aunde kitu kile? Ferrell, ule ni mkono wako. Unataka tu kumpa mtoto zawadi."

"Nilishika taa, Clyde."

"Basi taa ilishikwa vizuri sana!"

Watu wakaangua kicheko. Nadine alikuwa amesimama palepale. Mimi nami nikacheka, kidogo tu, lakini nilicheka, na yeye aliniona.

"Aliyeunda injini anaijua namba yake, sekunde zake za robo maili," Clyde akamwambia. "Siku ya mbio tutajie. Gari likiifikia, naleta brashi."

Mbio zetu za wastaafu hufanyika Septemba, Jumamosi, ng'ambo ya mto. Njia ni robo maili, imenyooka. Kabla ya kukimbia, kila mtu anaandika kwenye kioo, kwa dawa nyeupe ya viatu, sekunde anazodhani gari lake litatumia. Mwenye gari la polepole anaruhusiwa kuondoka mapema kwa tofauti ya namba hizo, ili wote wafike pamoja. Lakini ukikimbia kwa kasi kuliko namba yako mwenyewe, umeipasua, na umeshindwa hata kama umetangulia. Kwa hiyo uongo hausaidii. Zawadi ni pistoni iliyong'arishwa, imepachikwa kwenye ubao. Clyde anazo nne. Mimi sikuwa nayo hata moja, na sitadanganya kwamba haikuniuma.

Asubuhi nilijaribu mara moja. Niliihurumia injini mpya nikaachia pedali ya mafuta mapema, nikapata 11.05. Mvua ikanyesha, majaribio yakafutwa. Ilipokatika tukaambiwa kila jozi ina mbio moja tu, mshindi wake achukue pistoni, na mimi nikapangwa na Clyde na gari lake la kijani, Nova.

"Haya, tutajie," Clyde akamwambia Nadine huku anatafuna nyama ya bega.

"Kumi nukta sita."

"Baba yako kapata kumi na moja na ushee!"

"Baba aliachia pedali."

"Kila mtu ana sababu yake," akasema, watu wakacheka tena.

Nadine akaenda kupima upepo wa tairi. Nikabaki na chupa ya dawa mkononi. Niliandika 11.00. Aliporudi aliisoma, akanitazama, akafunga boneti. Ningetukanwa ningejisikia nafuu.

Clyde aliandika 12.00, kwa hiyo alitangulia sekunde moja nzima. Taa yangu ikawaka kijani, nikakanyaga. Mungu wangu! Miaka yote ile sikuwahi kubanwa na kiti namna hiyo. Gia ya pili, ya tatu, injini inanguruma na haichoki, na Nova, niliyodhani ningeikuta kwenye mstari wa mwisho, nikawa nayo bega kwa bega njia ikiwa bado ipo. Hapo nikajua. Nilikuwa naipasua namba yangu. Mchezaji yeyote wa mbio hizi angegusa breki, ampite mwenzake kwa pua ya gari tu, achukue pistoni yake aende nyumbani. Mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka.

Lakini nikigusa breki, ubao wa sekunde utaonyesha 11 na kitu, na Clyde atacheka. Nikakumbuka kicheko cha Mei, changu hasa. Nikarudisha mguu chini mpaka mwisho.

Ubao ukawaka: 10.61. Taa ya ushindi ikawaka upande wa Clyde.

Nilirudi polepole. Nadine alikuwa amekunja mikono.

"Ungeandika nilichokwambia, ungeshinda," akasema.

"Najua."

"Kumi nukta sita, Baba. Limekosa chembe moja."

"Najua, mwanangu. Niliogopa usije ukakosea mbele yao. Nilidhani nakukinga."

"Na Mei?"

"Mei nilikuwa mjinga. Nisamehe."

Mikono yake ikakunjuka. Nilivimba kifua mbele ya umati kama mtu aliyeshinda.

Clyde akaja na pistoni yake ya tano kwapani. Mkono wa pili ulibeba sanduku la brashi. Alinipita kama anayepita nguzo, akasimama mbele ya binti yangu.

"Fundi," akasema, "jina tuliandike lote?"

"Lote. Lakini ngoja."

Nadine akachukua kitambaa, akafuta 11.00 yangu, akaandika 10.60 kwa tarakimu kubwa. Mimi nikatoa wembe nikapiga magoti kando ya madigadi, nikaanza kukwangua jina langu, herufi moja moja, taratibu nisichune rangi. Jua lilikuwa kali, hapakuwa na haja yoyote, lakini Nadine alichukua tochi, akachutama karibu yangu, akanishikia taa.