Godoro Lilipojifunza Kukata Kona

Gari la Meneja lilikuwa refu na jeusi, lenye viti vya ngozi na mbao zinazong'aa kwenye dashibodi, na kila aliyeliona limesimama alilitamani. Likianza kutembea, tamaa ilimwisha.

Lilikuwa linaelea. Likivuka tuta lilipanda, likashuka, kisha likapanda tena pasipo tuta lolote. Kwenye kona lililala upande mpaka abiria wa nyuma wakajuana zaidi ya walivyokusudia. Na kwenye barabara iliyonyooka lilivuta kushoto bila kuchoka, kwa ukaidi wa punda aliyeona kivuli. Enzi zake lilikuwa gari la wakubwa. Sasa watoto wa mtaani waliliita Godoro. Mwenyewe alikuwa akiliita Mheshimiwa.

Umeneja wa benki alistaafu siku nyingi, lakini jina la Meneja halikustaafu. Na katika heshima zote alizorudi nazo nyumbani, iliyobaki imara ilikuwa hii moja: hakuna mtu mwingine aliyeweza kuliendesha gari lile. Mkwewe alijaribu mara moja akarudi kwa miguu. Mdogo wake Meneja, mtu wa kuazima chochote ambacho hakijafungwa mnyororo, aliliazima asubuhi moja, akalirudisha kabla hajafika mwisho wa mtaa, na tangu siku hiyo akawa anaulizia baiskeli.

"Hili gari linataka mkono," Meneja alipenda kusema, akiinua mkono wa kulia, ambao kusema kweli ulikuwa umejaa kuliko wa kushoto kwa kazi ya kulizuia.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, aliyaamini maneno hayo kwa miaka mingi. Yeye alikuwa mshonaji wa mapazia. Chumba cha mbele kilikuwa cherehani, vitambaa na pini tupu, na mizigo ya wateja aliipeleka mwenyewe kwa pikapu ndogo kuukuu isiyo na heshima wala matatizo. Alijiona anajua kuendesha pikapu. Gari ni jambo jingine, na mkono ni kipaji, Mungu humpa amtakaye.

Kisha Meneja akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwanza alianza kuwasalimia watu asiowajua. Halafu akaacha kuwasalimia anaowajua. Siku alipoivua kofia kwa heshima mbele ya tangi la maji la jirani, Mama Pacha akampeleka kwa daktari wa macho, na siku ya upasuaji ikapangwa.

Siku hiyo pikapu iliamua kulala na betri, kwa hiyo ilibidi aliendeshe Godoro. Meneja alikaa kando yake, haoni hata kioo kilichokuwa mbele yake, akawa anamfundisha.

"Shikilia kulia. Zaidi. Lenyewe linapenda kushoto. Ukitaka kufunga breki, lizuie kwanza kwa mkono, ndipo ukanyage."

"Na kwenye kona?"

"Kwenye kona ingia mapema. Halafu subiri. Litakuja."

Lilikuja kweli, lakini kwa wakati wake. Gari la mikate lililokuwa likitoka upande wa pili lilipanda ukingo wa barabara kulipisha, na dereva wake akatoa kichwa dirishani akasema maneno ambayo Meneja aliyadhania salamu, akayapungia mkono. Walipofika hospitali, Mama Pacha alikaa kidogo akiwa ameushika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Mabega yalimuuma kama mtu aliyefua mablanketi. Akajisemea kimoyomoyo kwamba kipaji hakipaswi kuuma namna ile.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliagiza Meneja apumzike nyumbani na miwani myeusi, asiendeshe mpaka atakapomruhusu. Mama Pacha akaona hapo ndipo penye nafasi.

"Baba Pacha," alimwambia, "maadamu gari limekaa tu, nilipeleke kwa fundi likafanyiwe sevisi."

Meneja alifikiri nyuma ya miwani. "Amwage oili tu. Asiguse kingine. Gari lile nimelizoea, na lenyewe limenizoea."

Fundi alikuwa mtu mnene aliyeitwa Taratibu, kwa sababu ndilo neno aliloanzia kila jibu na ndivyo alivyofanya kila kazi. Aliliinua Godoro kwa jeki, akaingia chini, akakaa huko kimya mpaka Mama Pacha akadhani amesinzia. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha mpira mweusi kilichopasuka, kama biskuti iliyolowa chai.

"Taratibu, mama, nikueleze. Hii ni bushi. Ndiyo inayoshika vyuma vya mguu wa gari visichezecheze. Zimekufa zote. Za kushoto zilitangulia, ndiyo maana linavuta huko. Shokapu nazo zilishakata roho, hazizuii kitu. Springi zimelegea. Mzee analiendeshaje?"

"Ana mkono," alisema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno yale jinsi yalivyo.

Alikumbuka alichoagizwa. Alikumbuka pia gari la mikate. Akamwambia fundi abadilishe vyote. Taratibu, ambaye si kila siku alipata gari la namna ile, akapandwa na moyo wa ufundi. Alipendekeza springi ngumu kidogo ili gari likae chini zaidi lisiyumbe, na chuma kinene zaidi cha kuunganisha miguu ya mbele ili lisilale kwenye kona. Kwanza alikifunga chuma chenyewe kinyume, gari likagonga kila lilipokata kona, ikabidi akifungue na kuanza upya. Mwisho wakalipeleka kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, na Mama Pacha akakabidhiwa ufunguo ajaribu mwenyewe.

Alizunguka kiplefti cha karibu na gereji. Akakizunguka tena. Gari liligeuka pale alipolielekeza, wakati uleule alipolielekeza, wala halikulala. Kwenye barabara ndefu aliachia mikono juu ya mapaja kwa sekunde chache, na Godoro likaenda mbele kama mtu mwenye shughuli zake. Alirudi gereji akicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Miaka yote ile nyumba nzima ilikuwa ikisujudu mbele ya mpira mbovu.

Alidhamiria kumwambia mumewe jioni ileile. Lakini jioni ile Meneja alikuwa amevua miwani kwa mara ya kwanza, anasoma maandishi madogo kwenye boksi la dawa kwa sauti, mstari kwa mstari, akiwa na furaha ya mtoto aliyejua kusoma leo. Mama Pacha akaona asimharibie. Siku zikapita. Mpaka ruhusa ya kuendesha ikatoka, alikuwa amekwisha kujishawishi kwamba Meneja ataona tofauti mwenyewe, na atafurahi.

Asubuhi ya kwanza Meneja alivaa shati lililopigwa pasi, akatoka getini, Mama Pacha kando yake, akaingia barabarani, akaongeza moto. Na kama alivyofanya kila siku ya maisha yake na gari lile, akaukaza usukani kulia ili liende mbele.

Likaenda kulia. Lilivuka barabara bila kusita, kwa utii kamili, likaingia kwenye ua wa michongoma wa jirani wa ng'ambo.

Hakuna aliyeumia. Jirani alitoka na mswaki mdomoni, akatazama ua wake, akamtazama Meneja, akarudi ndani kusukutua. Mama Pacha akafungua mdomo aseme. Neno lilikuwa limefika kwenye meno Meneja alipomtangulia.

"Yule daktari ameniharibu," alisema polepole. "Jicho amelipachika upande. Barabara naiona imenyooka, kumbe inapinda."

Neno likarudi tumboni.

Kuanzia siku ile Meneja akawa mtafiti wa macho yake. Alifunga jicho moja, akafunga la pili, akatazama fremu za milango. Aliazima uzi wa kushonea, akaufungia betri ya redio, akauning'iniza sebuleni apime kilichonyooka. Alihitimisha kwamba picha zote ukutani zimelala, akazinyoosha moja baada ya nyingine, mpaka picha ya harusi yao ikawa inamwaga maharusi kwenye kona ya kushoto. Kwenye simu aliwaambia watoto, "Mimi basi tena. Naona vizuri, ila ninachokiona si chenyewe." Gari aliliacha uani. Alikaa kibarazani akilitazama kama mtu anayemtazama rafiki ambaye hawezi tena kumlisha.

Mama Pacha alishona pazia moja upande wa kinyume, akalifumua, akalishona tena kinyume. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake aliiona inarefuka kila kukicha.

Wakarudi kwa daktari. Safari hii pikapu ilikubali. Daktari alimpima Meneja kwa kila chombo alichokuwa nacho, akamsomesha herufi mpaka zile za chini kabisa ambazo wagonjwa wengi huzisingizia tu.

"Mzee, macho yako ni mazuri kuliko yangu."

"Binti yangu, nimeingia kwenye michongoma."

"Nakuamini. Lakini si kwa sababu ya macho."

"Basi nifanyie upya. Sitakulaumu. Kila kazi ina siku yake mbaya, hata benki tulikosea hesabu."

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema hawezi kupasua jicho zima. Lakini, akasema kwa upole uliomtisha Mama Pacha kuliko ukali, kama macho ni mazima na barabara inaonekana kupinda, basi itabidi wapige picha ya kichwa, waone kama nyuma ya macho kuna tatizo.

Meneja aliinamisha kichwa hichohicho. Aliinamisha kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kuiona, hata siku ya kustaafu. Mficha uchi hazai, na Mama Pacha akaona sasa ni kuzaa au kufa.

"Daktari," alisema, "kichwa chake ni kizima. Ni bushi."

"Bushi ni ugonjwa gani?"

Akamweleza. Alieleza bushi, shokapu, springi na chuma cha mbele, na kuvuta kushoto miaka nenda miaka rudi, na mkono. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika mdomo kwa faili na kwa muda mrefu akawa na kikohozi.

Walipofika kwenye maegesho, Meneja alimgeukia mkewe.

"Oili ulimwaga?"

"Nayo nilimwaga."

Akatikisa kichwa. Wakaingia kwenye pikapu. Walipofika nusu ya njia alisema, akitazama mbele:

"Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa naendesha ugonjwa."

"Uliuendesha vizuri lakini, Baba Pacha."

Hakukasirika kama Mama Pacha alivyotarajia. Baadaye alimwambia kwamba alipoambiwa habari za picha ya kichwa alikuwa amekwisha kuanza kuigawa nyumba moyoni, na mtu aliyetoka kugawa nyumba hana nguvu ya kugombania mpira.

Kujifunza upya ndiko kulikomtesa. Mazoea yana taabu. Mama Pacha alimpeleka kwenye barabara pana ya viwandani, siku ambayo viwanda vimefungwa, akakaa kando yake.

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Kitu gani nisifanye?"

"Chochote. Limenyooka lenyewe. Liache liende."

Kwa mtu aliyeongoza tawi la benki bila kuacha hata kalamu iende yenyewe, lile lilikuwa somo gumu. Gari lilikwenda kama mlevi, si kwa kosa lake, bali kwa Meneja kulirekebisha kila mara. Alilitoa kulia, akalirudisha, akalaumu upepo. Akasema fundi amelitoa roho. Jasho lilimtoka mpaka shingoni. Halafu, bila kukusudia, akapiga chafya, mikono ikalegea, na Godoro likapita katikati ya njia yake, limetulia tuli, mpaka chafya ya pili. Meneja akatazama mikono yake, kisha mkewe, kisha barabara.

"Hm," alisema.

Wiki haikuisha akawa anaendesha kwa vidole viwili, na mtaani akawaeleza watu kwamba gari halikuwa na shida kubwa. Ni kwamba alipopata macho mapya aliliona lilipokosea, akatoa maelekezo likanyooshwa. Mama Pacha alimwachia hiyo. Jirani wa michongoma alisikia maelezo hayo kutoka ng'ambo, akaendelea kupogoa.

Ila heshima ya zamani haikurudi, kwa sababu sasa kila mtu aliweza kuliendesha. Mkwe alikuja kulijaribu akakaa nalo siku mbili. Shemeji yake Mama Pacha, yule mdogo wa Meneja, aliacha kuulizia baiskeli. Alikuwa anafika Ijumaa na mikono nyuma, akimsifia kaka yake afya, na kurudi Jumapili na tangi tupu. Mama Pacha naye aligundua kwamba buti la Godoro linabeba mapazia ya hoteli nzima bila kuyakunja, pikapu akaiacha ilale na betri yake. Ubovu wote ule ulikuwa umelilinda gari kuliko kufuli, na hakuna aliyejua mpaka ulipoondolewa.

Alhamisi moja Meneja alikuja kusimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, kofia mkononi, kama walivyokuwa wakisimama kwake zamani waombaji wa mikopo.

"Kesho gari liko kwa nani?"

"Mchana nalipeleka hotelini. Usiku shemeji atalichukua."

"Na jioni?"

"Jioni liko huru."

"Basi nilikuwa nauliza kama utakuwa na nafasi tutoke."

Mama Pacha aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani. "Tuende wapi?"

Meneja aliitazama kofia yake, akaizungusha ukingoni kwa vidole viwili.

"Popote penye kona," alisema.

Akamwambia sawa, akamalizia upindo uliobaki.