Kasha la Sukari la Orlena

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Labda kwenu. Kwa wanunuzi wa samani za kale huku Kentucky, kichafu ndicho kinachojiuza. Kioshe tu, utakitembeza mpaka kiyama.

Orlena Skaggs aliyasikia hayo kwa Bwana Prewitt, mnunuzi wa Lexington, alipopiga magoti mbele ya kasha la kale la kuwekea sukari la marehemu mama yake Orlena utadhani anatubu dhambi. Alivuta droo, akapapasa viungo vilivyochongwa kwa mkono vikaumana kama meno, akanusa mti wa cheri uliokolea weusi wa moshi na viganja vya vizazi.

"Mama," akamnong'oneza Orlena, "usiliguse hata kwa kitambaa kibichi. Uchafu huu ndio mali yenyewe."

"Umesikia?" akadakia Delbert, kakake Orlena. "Jumamosi analichukua. Weka mikono yako mbali."

Delbert hakuja kumwuguza mama hata mara moja. Aliyemlisha na kumwogesha ni Orlena, na kasha lilikaa ubavuni mwa kitanda, dawa na kahawa juu yake. Orlena hakutaka kitu kingine katika nyumba ile. Delbert alisema mkubwa ndiye mwamuzi.

Basi Ijumaa Orlena akajifunga kitambaa kichwani, akachukua dawa ya kutoa rangi na msasa, akasugua. Alipofika kwenye alama ya duara ya kikombe cha mama, mkono ulisita. Akapenga kamasi, akaisugua alama hiyo pia. Jioni kasha lilikuwa jekundu kama kuku aliyenyonyolewa, linang'aa vanishi ya dukani.

Jumamosi Prewitt alipoliona alilia kama mbuzi. "Nani kafanya unyama huu?"

"Mimi. Limetakata, eh?"

"Umeliua, mama!"

"Mbona droo zafunguka?"

Prewitt akatoka bila kuaga. Delbert akabaki anatetemeka. "Umefanya kusudi!"

"Tena nikiimba."

"Babu wa babu yetu alilichonga kwa mikono yake, Orlena!"

"Alichonga pa kuwekea sukari, si sanamu ya kuabudiwa Lexington. Viungo vyake vyote vizima. Kinachogongana ni meno yako."

"Niombe radhi. Sasa hivi!"

Orlena akafungua kifuniko cha kasha, akamimina mfuko mzima wa sukari.

"Sikuombi, Delbert. Leo sikuombi, na Krismasi ukija kunilia bata mzinga wangu, bado sikuombi."