Mbuzi Miguu Juu

Ekidor alisukuma kioo mbele, akakivuta nyuma, akakigeuza kidogo, kisha akapiga hatua moja kushoto kulizunguka pipa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye vifundo. Ng'ambo ya ua wa miba, jirani yake Nakaale alikuwa amesimama tangu chai ya saa nne, akimhesabia mizunguko.

"Unazunguka nini, mzee?"

"Nasugua kioo, mama. Ya kuangalia mwezi."

"Na hiyo udongo yangu?"

Udongo ulikuwa wake kweli. Alimuuzia kopo zima, ule mwekundu ambao wanawake huuchanganya na mafuta na kujipaka shingoni. Ekidor aliuchekecha mara tisa kwa kitambaa, maana hakuna kitu kingine Lodwar kingeng'arisha kioo bila kukikwaruza. Kioo chenyewe alikinunua Kakuma kwa Lueth, muuza meza kuukuu. Vipande viwili vya duara vya kioo cha meza, kila kimoja kinene kama chapati tatu. Miezi saba alivisaga kimoja juu ya kingine kwa dawa ya mafundi ya kusagia valvu, hadi cha juu kikabonyea katikati kama kiganja kinachokinga maji.

Tatizo ni kwamba Ekidor alijulikana. Miaka thelathini alitengeneza pampu za visima, na kila kisima kilikuwa na uongo wake. Kule Kaikor, alisema, walichimba chini sana mpaka pampu ikatoa samaki waliokwisha kukaangwa. Sasa alikuwa na ukweli mmoja mkononi, ukakosa mnunuzi.

Tena mbuzi wanne wa Nakaale walipotea wiki ileile alipoanza kujipaka wekundu. Mzee anazunguka pipa, kila siku kushoto, mikono kama ametoka kuchinja! Aliyetamka neno kwanza ni Lokuruka, shemeji ya Nakaale.

"Huyo anafunga mbuzi na uchawi," alisema. "Kioo ivunjwe. Zitarudi."

Jumamosi majirani wakaja. Lokuruka alibeba jiwe kubwa kama kichwa cha beberu.

"Miezi saba," alisema Ekidor, na kwa mara ya kwanza ulimi wake haukupata mzaha. "Mama, angalia kwanza. Ukiona ubaya, vunja wewe mwenyewe."

Kioo kilikuwa tayari ndani, mwisho wa bomba la plastiki la kisima. Mdomoni palikuwa na kipande cha kioo cha kunyolea kilichoinamishwa, na ubavuni jicho la darubini ndogo iliyovunjika. Kile kikubwa hakikuwa kimepakwa fedha bado, kwa hiyo kingeonyesha giza-giza. Mwezi haukuwapo. Ekidor alilaza bomba juu ya mapipa mawili, akalielekeza mlimani, kwenye malisho.

Nakaale aliweka jicho. Akaruka nyuma.

"Miguu juu! Mbuzi zote ziko miguu juu!"

Mbuzi wa miguu juu, katika mwaka wa ukame, hahitaji kuelezwa. Lokuruka aliinua jiwe.

"Ngoja!" Ekidor alilikumbatia bomba. "Hii kitu inageuza! Juu inaweka chini. Hata mimi nikienda huko, utaniona nimesimama na kichwa."

"Na samaki ya kukaanga," alisema Lokuruka. Watu wakacheka.

Nakaale hakucheka. Mzoga hautafuni, na yeye alikuwa ameona mbuzi mmoja akitafuna. Alikaza shuka kiunoni, akalipa bomba mgongo, akainama mpaka kichwa kikaning'inia chini juu, shanga zikamfunika kidevu. Akaweka jicho hivyo hivyo.

Alikaa sana.

"Lokuruka."

"Mm?"

"Mbuzi yako iko wapi leo?"

"Si iko huko mlimani."

"Ile nyeusi kati ya zako, kiuno nyeupe, sikio imekatwa mara mbili kama zangu. Hiyo ni ya nani?"

Jiwe lilishuka polepole, kana kwamba limeongezeka uzito.

"Zilichanganyika," alisema Lokuruka. "Nilikuwa nitaangalia."

Watu walilitazama bomba, kisha kila mmoja akatazama vidole vya miguu yake.

"Apa, baba yetu," mtu mmoja aliuliza kwa upole usio wa kawaida, "hiyo inaona mpaka wapi?"

Ekidor alitazama viganja vyake vyekundu. Ukweli ulikuwa mfupi. Uliishia kwenye mlima ule ule.

"Lokiriama, kule karibu na Uganda," alisema. "Siku haina vumbi, mpaka ndani ya nyumba."

Jumatatu asubuhi mbuzi wanne walikutwa uani kwa Nakaale. Aliyewaleta hakuonekana. Lilirudi pia toroli la jirani mwingine, Emuria, lililokuwa limepotea, na jembe moja ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitafuta.

Wiki iliyofuata kioo kilikwenda Nairobi kupakwa fedha, kimevingirishwa blanketi. Bomba lilibaki juu ya mapipa, tupu. Waliopita walishusha sauti, wengine walilisalimu kabisa kwa Kiturkana, "Ejok."

Nakaale peke yake ndiye aliyeambiwa kwamba halina kitu ndani. Kila asubuhi alivuka ua na kitambaa, akalipangusa vumbi mdomoni. Kisha, kabla ya kuondoka, alilisogeza kidogo, upana wa kidole, kuelekea boma la Lokuruka.