Uwanja Usiofagiwa

Zubeda alikuwa na ulimi mkali na ufagio mkali zaidi. Pale Baraka, kando ya ziwa, walimtania kwamba hata kuku wake walipita uwanjani kwa adabu, wasije wakaacha alama. Kila asubuhi alifagia chini ya miembe yake minne mpaka udongo ukabaki na mistari ya ufagio tu. Miembe hiyo ilipandwa na babu yake Ramazani, mumewe marehemu, na ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake Hawa. Wavuvi walinunua maembe yake, na maboti ya kwenda Albertville yaliyapakia kwa vikapu.

Lakini miaka ile ya hamsini maembe yaliingiwa na funza. Nzi wadogo wa kahawia waliyatoboa yangali mabichi, wakataga mayai ndani, na embe likiiva unakuta limeoza kwenye kokwa. Agronomu, mzungu wa serikali, akateremka kutoka Fizi, akapasua maembe mawili matatu, akakunja uso. Alisema nzi hao wanazaliwa katika nyua za Baraka kisha wanapanda kuharibu machungwa ya mlowezi mmoja kule juu. Kwa hiyo Leta, yaani serikali, imeamua: mwembe wenye funza utakatwa. Ila kwanza angejaribu dawa kwa Zubeda. Maembe ya msimu ule yakitoka safi, miti itabaki. Yakitoka na funza, shoka.

Dawa yenyewe ililetwa na Placide, monitere wa kilimo, msaidizi wa yule agronomu, kijana mpole wa milimani. Alifungua debe, na ndani mlikuwa na wali ulioota ukungu mweupe. Zubeda alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kwetu wali ukiota ndevu tunaumwaga," alisema. "Nyinyi munaupeleka ku kazi?"

Placide alicheka pia, kisha akaeleza. Funza huanguka na embe bovu, huzama udongoni, na hutoka huko akiwa nzi. Ukungu ule ni kuvu linaloua wadudu: humshika udongoni, humwotea mwilini, na akifa humfunika kwa weupe. Aliunyunyiza chini ya miti yote, akaufukia kidogo kwa majani.

"Lakini usifagie, mama. Hata jani moya. Hii dawa iko na uzima, haipendi jua. Ukifagia, unaiua."

Hapo kicheko kilimkauka Zubeda mdomoni. Kwao, kifo kikiingia nyumbani, ufagio hupandishwa darini na hakuna anayeugusa mpaka siku ya kuanua matanga. Uwanja usiofagiwa maana yake mna maiti. Na anayeuacha mchafu bila maiti, huyo anaiita. Ndani ya nyumba alikuwemo Hawa na mimba yake, Hawa aliyekwisha kuzika watoto wawili kabla hawajapewa majina. Zubeda hakumwambia Placide neno. Aliona aibu kumtajia mtu wa Leta habari za ufagio, na aibu hiyo aliijutia sana baadaye.

Akaupandisha ufagio darini. Majani yakaanguka, yakarundikana, yakaanza kunuka. Wapita njia walishusha sauti wakifika pale. Mzee mmoja mvuvi alivua kofia. Kisha akaja jirani yake Zainabu, kajitanda kanga kichwani na sahani ya unga mkononi, kama mtu anayekuja msibani.

"Dada, ni nani alikufa?"

"Hakuna."

Zainabu aliutazama uwanja, akautazama mlango. "Basi munangojea nani?"

Tangu siku hiyo Zubeda hakula akashiba. Miguu ya Hawa ilivimba. Hawa hakulalamika, ila aliacha kabisa kukanyaga uwanja ule. Akawa anatoka kwa mlango wa nyuma, mkono juu ya tumbo.

Asubuhi moja Zubeda aliinua jani kwa kidole cha mguu. Chini yake alikuwa nzi mfu, ameshikilia jani kwa miguu yote, mwili mzima umefunikwa na weupe laini. Aliinua jani jingine, akakuta mwingine. Kila alipogusa walikuwepo, wadogo, weupe, wametulia. Tuseme haki: alijua. Ndivyo Placide alivyosema itakuwa, dawa ilikuwa inafanya kazi na miembe ilikuwa inapona. Lakini macho yake yaliona maiti ndogo zilizovikwa sanda, zimelala uwanjani kwake. Na alipokuwa angali ameinama, Hawa aliita kutoka ndani kwamba uchungu umeanza, na siku zake zilikuwa bado.

Zubeda aliuvuta ufagio kutoka darini. Alifagia huku analia, majani na wali na nzi pamoja, akakwangua mpaka udongo mwekundu, akavichoma vyote. Moshi ulikuwa haujaisha Hawa alipojifungua mtoto wa kike, mdogo sana, lakini analia.

Maembe yakaiva. Agronomu alipasua la kwanza, funza wakajinyonganyonga kwenye kisu. Placide aliutazama uwanja uliong'aa kama sahani.

"Mama, ulifagia?"

"Nilifagia."

"Juu ya nini?" Placide alitaka kujua sababu.

Zubeda alimwonyesha mtoto mgongoni mwa Hawa. "Juu ya huyu."

Placide alimwambia mzungu maneno machache kwa Kifaransa. Mzungu alipandisha mabega, akaandika kitu, akaenda zake.

Miembe ilianguka yote siku moja. Jua likaingia uwanjani mahali ambapo halikuwahi kufika, na kila mahali palijaa matawi, vibanzi na maembe yaliyopasuka, nzi wakizunguka juu yake kwa furaha. Wakataji walipoondoka, Hawa aliuchukua ufagio. Mama yake alimnyang'anya taratibu, akaurudisha darini.

"Mama, tafazali," alisema Hawa. "Kuko mutoto humu."

Zubeda aliketi chini katikati ya majani. Jioni Zainabu alikuja na mkeka, na safari hii hakuuliza ni nani aliyekufa; aliutandika, akaketi kando yake. Hawa akamkaza mtoto mgongoni kwa kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma.