Karibu Iliyoingia Chupani

Usiku wa jana niliota bomba linabisha hodi mlangoni kwangu, mchana kweupe, nami nachambua mchele.

Nililitambua mara moja. Lilikuwa Bomba Namba Tatu, moja ya yale mabomba yaliyosimikwa ardhini kati ya nyumba yangu na kituo cha mafuta kilichofungwa, hapa ufukweni kwetu Musoma. Tangi la kituo kile lilitoboka zamani, petroli ikapotelea chini. Tangu hapo kijana wa vipimo, Mkama, huja kufungua mabomba na kuchota maji ya chini aone petroli imefika wapi.

Bomba alikuwa amevaa kifuniko chake kama kofia, na kufuli linaning'inia kama hereni.

"Shikamoo, Bibi. Mimi sikai," akasema. "Nimekuja kukwambia mgeni wako yuko njiani."

"Mgeni gani tena, na mchele wenyewe ndio huu?"

"Yule wa kule kituoni. Anakuja kisimani kwako."

Kisima kile alikichimba marehemu mume wangu, Maregesi, kwa sururu, wakati mtaa huu ulikuwa vichaka na fisi. Na Mkama alikuwa ameshaniambia kwamba asubuhi atakuja kukipima. Kikikutwa na petroli kitajazwa zege. "Pole, Bibi, ndiyo sheria," alisema, huku anakunywa uji wangu.

Naweka ungo chini nikatazame kisima. Nikiinua kichwa, nyumba haipo. Nimeshakuwa ndani ya kisima chenyewe, nimekaa juu ya kigoda changu kilekile, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu, na ungo wa mchele unaelea. Kisima kimekuwa ofisi. Kuna benchi la wanaosubiri. Nyuma ya meza amekaa chupa mdogo wa kioo, kabana mdomo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Huyu ni Chupa, ndiye shahidi," akasema Bomba. "Neno litakaloingia ndani yake ndilo litakalokwenda maabara. Usimsemeshe. Akifungua mdomo ovyo, hewa itaingia, na chupa yenye kiputo haifai, hata kiputo kiwe kama choroko."

"Na mimi nafanya nini hapa?"

"Wewe ndiye mwenye kisima. Utapimwa kama sisi tunavyopimwa. Mgeni akiingia, maneno yako matatu ya mwanzo tutayamwaga, kwa kuwa yamelala. La nne ndilo la kweli."

Kanuni hiyo naijua. Mkama huwafanyia hivyohivyo hao mabomba: kwanza humwaga maji yaliyolala, ndipo huchukua yale mapya yanayotoka ardhini. Basi nikaliandaa neno langu la nne, nikaliweka chini ya ulimi. Lilikuwa "Toka."

Harufu ya mgeni ikatangulia kuingia, ikakaa kwenye benchi. Kisha akabisha hodi ukutani, akapenya.

Alikuwa kijana mtanashati. Shati lake halikubali kuwa na rangi moja: ukilitazama ni la buluu, ukipepesa macho ni la zambarau. Akatembea juu ya maji, viatu vikavu.

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Petroli, ameinama vizuri.

Sasa mtu amekuamkia, utamnyamazia?

"Marahaba," nikasema.

Bomba akalidaka neno kwa kata, akalimwaga ndooni. "La kwanza."

"Hujambo, mwanangu?"

"La pili."

"Huko utokako hawajambo?"

"La tatu. Angalia, Bibi."

"Hawajambo, mama, wanakusalimu," akajibu Bwana Petroli. "Ila nimechoka. Nimetembea chini kwa chini, kila ninapofika watu wanaziba pua. Nafuata tu mteremko wa maji, niende ziwani nipumzike."

Alikuwa amesimama. Mgeni amesimama, na mimi mwenyeji nimekalia kigoda. Nikaona aibu, mpaka masikio yakanichoma.

"Karibu," nikasema.

Chupa akalimeza neno zima, akabana mdomo. Bomba akampindua kichwa chini, akampiga vikofi matakoni. Hakuna kiputo.

"Bibi!" akasema Bomba. "Umefanya nini?"

"Si mimi, ni malezi."

Bwana Petroli alikuwa ameshavua viatu. Akavipanga juu ya maji, akajitandaza kama mkeka. Maji ya Maregesi yakaanza kung'aa rangi zisizo zake. Nikatazama juu. Mifuko ya saruji imejipanga kwenye ukingo wa kisima, inachungulia.

"Bado?" mmoja ukauliza. "Fanyeni haraka, tumeshachanganywa, tunaganda."

Nikamtazama Chupa. Ni wa kioo, sawa, lakini lazima kuna bibi aliyemlea.

"Kitendawili!" nikasema.

Chupa akatetemeka. Akabana mdomo mpaka macho yakamtoka.

Nikarudia taratibu, kwa sauti ile ya kwenye mafiga, chakula kikiwa bado hakijaiva. "Kitendawiliii!"

"Tega!" Chupa akapiga kelele.

Hewa ikaingia pwaa! Maji yakaruka, mchele ukatawanyika. Karibu yangu ikachomoka, ikapepea juu, ikapita katikati ya mifuko ya saruji.

"Asante, tumeshakaribia," mifuko ikaitikia.

Bomba akamchungulia Chupa. "Ana kiputo. Shahidi hafai. Bwana Petroli, hukukaribishwa."

"Lakini kitendawili kimeshaitikiwa," akasema Bwana Petroli, bado amejilaza. "Mama atege. Nikitegua, nabaki."

"Na ukishindwa, unanipa mji," nikasema.

"Ndiyo desturi, mama."

Nikatega: "Mgeni wangu huoga ziwani, akatoka na nguo kavu."

Bwana Petroli akakuna kichwa. "Bata."

"Bata hulowa, mwanangu, ndiyo maana hujikung'uta."

"Kivuli."

"Kivuli hakina nguo."

Akafikiri mpaka shati likageuka kijivu. Akavitazama viatu vyake vikavu juu ya maji, asivione. Mimi na Bomba hatukutazamana, tungecheka.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Sina mji, mama. Ninao huu tu niliokalia."

"Huohuo."

Akainuka, akavaa viatu. Alikuwa na adabu mpaka mwisho, sikatai. "Nimekupa kisima," akasema. "Ukakae na watu wako." Bomba akamshika mkono. "Twende kwa ndugu yangu Namba Moja, kuna pampu inakusubiri." Hapo ndipo nilipokumbuka jibu lake sijampa.

Hodi ikaniamsha. Kumepambazuka, na Mkama yuko uani na kasha lake la barafu. Sikunawa hata uso. Nikasimama ukingoni mwa kisima akiteremsha kipimo chake cha kamba, kile kinacholia mlio mrefu kikigusa petroli, na mifupimifupi kikigusa maji. Nilishika kanga yangu kwa mikono yote miwili.

Ti, ti, ti, ti.

Akakipandisha, akakiteremsha tena. Ti, ti, ti.

"Maji matupu, Bibi. Nitayapeleka na maabara, lakini zege leo hamna."

Akafungua kasha achukue chupa. Akainua moja juani, akaigeuza, akakunja uso.

"Bibi, hebu tazama. Hii imefungwa tangu ilikotoka, sijaigusa. Punje ya mchele imeingiaje humu?"

"Hicho ni kitendawili," nikamwambia. "Ukishindwa, nipe mji."